Namna ya Kuhakiki Filamu ya Ucheshi Mweusi: Usiku wa Paul Hackett Jijini New York

Filamu inayosimulia matembezi ya usiku mmoja yaliyoharibika huonekana rahisi kuhakiki, kwa kuwa mtazamaji hucheka na kushtuka kwa zamu, akadhani kwamba huko kucheka na kushtuka ndiyo tathmini yenyewe. Katika kazi yangu ya uhakiki huanza na swali moja: je, kila balaa linalompata mhusika limezaliwa na jambo lililotangulia, au limedondoshwa tu ili tucheke? Nitaonyesha hatua ninazofuata kwa kutumia After Hours, filamu ya ucheshi mweusi (ucheshi unaochekesha hata kwa mambo mazito kama kifo) ya mwongozaji Martin Scorsese, iliyotoka mwaka 1985 na kumpatia tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la Cannes mwaka uliofuata.

Hatua ya kwanza: tazama bila kalamu. Filamu hii ni ya dakika 97. Itazame kwa mkao mmoja, usiku ikiwezekana, bila kuisimamisha.

Hatua ya pili: fuatilia alichonacho mhusika na namna kinavyomtoka. Sasa chukua daftari. Paul, mfanyakazi wa ofisini anayeshinda mbele ya kompyuta, anapanda teksi kwenda SoHo, mtaa wa jijini New York, kumwona Marcy, mwanamke aliyekutana naye mkahawani jioni ileile. Teksi inakwenda kasi, dirisha li wazi, na noti yake ya dola 20 inapeperuka nje. Baadaye, akitaka kurudi kwa treni ya chini ya ardhi, ana senti 97 mfukoni, naye anaambiwa kwamba nauli imepanda kuanzia saa sita usiku na kuwa dola 1.50. Tom, mhudumu wa baa, yuko tayari kumpa nauli, lakini droo ya pesa haifunguki na ufunguo wake uko nyumbani. Paul anamwachia funguo zake kama rehani na kwenda kuuchukua, ndipo wakazi waliochoshwa na wizi wanapomwona mtu wasiyemjua akitoka katika jengo lao.

Chora mshale kutoka tukio moja hadi jingine, kisha utafute mahali ambapo mshale haufiki. Kupanda kwa nauli usiku uleule ni sadfa, lakini ninaikubali, kwa sababu pesa ilikuwa imeshapotea. Ninachokiona kizito zaidi kukubalika ni kwamba Tom huyohuyo ndiye mpenzi wa Marcy. Hapo mnyororo umevutwa hadi karibu kukatika, na mhakiki anapaswa kulisema hilo waziwazi.

Hatua ya tatu: pima kifo. Hapa ndipo usitumie haraka hata kidogo. Paul alimwacha Marcy kwa ghafla na kwa ukali. Anaporudi kuomba radhi, anamkuta amejiua kwa vidonge. Anapiga simu polisi, na kabla ya kuondoka anabandika karatasi zenye mishale ya kuonyesha maiti ilipo. Rudia tukio hili mara tatu. Karatasi zile ni wajibu uliotimizwa na mtu ambaye tayari anakimbia, kwa hiyo kicheko kinamwangukia Paul na hakimgusi marehemu. Kisha uliza kama kuna anayeruhusiwa kuomboleza. Tom anapopokea habari kwa simu ndani ya baa, filamu inamwachia huzuni yake, na kwa sababu hiyo ninaipa alama za juu.

Alama hizo ninazipunguza kwa jambo jingine. Marcy, Julie mhudumu wa baa na Gail mwendesha gari la aiskrimu wanawekwa mbele ya Paul kama mitego, na usiku huo hatuuoni kwa macho yao isipokuwa kwa nadra sana.

Hatua ya nne: itazame kamera. Kiki, mchongaji anayeishi na Marcy, anamrushia Paul funguo kutoka dirishani, na kamera ya mpigapicha Michael Ballhaus inaanguka pamoja nazo hadi mtazamaji anataka kujikinga. Funguo hizo ni za kumkaribisha ndani, lakini zimepigwa picha kama silaha. Tafuta tukio la namna hii katika filamu unayoihakiki na ulieleze kikamilifu.

Hatua ya tano: uliza mwisho umetoka wapi. Akikimbia kundi la watu wenye hasira, Paul anafichwa na June, mwanamke mchongaji aliyekutana naye klabuni, ndani ya sanamu ya karatasi na plasta, wezi wanaiiba, na alfajiri inaanguka kutoka kwenye gari lao mbele ya lango la ofisi yake. Kwa maneno mengine, wezi ambao yeye alisingiziwa kuwa mmoja wao ndio wanaomfikisha kazini, na tulikwisha kuwaona mapema, kwa hiyo mshale unafika. Sasa andika hukumu yako, na kila sifa au lawama uiambatanishe na tukio ambalo msomaji anaweza kwenda kulitazama mwenyewe.