Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kusimamisha Programu kwa Ishara

Kabla ya kuandika amri ya kill, inayotuma ishara (ujumbe mfupi wa mfumo) kwa programu, kwenye seva ya Linux, hakikisha kwamba namba ya mchakato (programu inayoendeshwa) uliyonayo ni ya programu unayoikusudia, kwa kuwa namba hizo hutumika tena, na ile iliyobaki kwenye faili tangu jana huenda leo ni ya programu nyingine kabisa.

Jambo zito zaidi ni kujua programu yenyewe huipokeaje ishara utakayoituma. SIGTERM, yenye namba 15, ni ombi: programu iliyoandikwa vizuri huacha kupokea kazi mpya, humaliza zilizo mkononi, hufunga mafaili na kuondoka. SIGKILL, namba 9, haizuiliki wala haishughulikiwi na programu. Kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, huikatiza programu hiyo, na data ambayo ilikuwa bado haijaandikwa kutoka kwenye kumbukumbu yake hupotea. Hata hivyo, si kila programu hufuata desturi hiyo. Mchakato mkuu wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ukipata SIGTERM hukataa miunganisho mipya na kuwasubiri wateja waliopo waondoke wenyewe, hata kama ni kwa saa nyingi, ilhali SIGINT hubatilisha miamala inayoendelea na kuifunga hifadhidata salama. Kwa nginx, programu ya seva ya wavuti, anayetaka maombi yaliyokwisha kuanza yamalizike hutuma SIGQUIT. Ishara hiyohiyo ikitumwa kwa PostgreSQL huisimamisha ghafla na kuilazimu kurejesha data kutoka kwenye mafaili yanayorekodi miamala itakapowashwa. Kwa hiyo nyaraka za programu husika zisomwe mapema, si wakati wa dharura.

Pima pia muda. Bila kubadilishwa mipangilio, Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa), husubiri sekunde 10 baada ya SIGTERM, na Kubernetes, inayosimamia kontena nyingi, sekunde 30, kisha SIGKILL hufuata. Systemd, inayosimamia huduma za Linux, kwa kawaida husubiri sekunde 90. Kazi inayohitaji dakika mbili haitamalizika humo, hivyo ongeza muda kwanza.

Ndani ya kontena, angalia mchakato namba 1 ni upi. Programu ikianzishwa kupitia sh (programu ya kutekeleza amri), mara nyingi sh ndiyo hupokea SIGTERM bila kuipitisha, na muda wote wa kusubiri huenda bure. Jaribu kwenye seva ya majaribio, kisha tazama namba ya kutokea, yaani namba inayobaki programu inapoisha: 137 huonyesha kwamba programu iliuawa kwa SIGKILL, na kwamba maandalizi yako bado hayajakamilika.