SOMO: Jinsi ya kutafuta na kutazama filamu za habari za zamani (anza ukiwa umezima sauti)

Salaam wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa Historia hapa Kigoma. Tangu nilipoeleza kwamba darasani natumia filamu za habari za enzi hizo, nimeulizwa sana nazipata wapi na nazitumiaje. Nimeona niandike somo zima mara moja.

Kwa asiyezijua: kabla televisheni haijaingia majumbani, Mzungu alikuwa akienda sinema, na kabla ya picha yenyewe anaonyeshwa kwanza habari. Fainali ya mpira, mbio za farasi, mfalme anakagua gwaride, vita ya mbali. Uingereza zilikuwa zikitoka mara mbili kwa wiki. Kampuni ya Pathé, mojawapo ya waliozitengeneza, walianza Paris mwaka 1908, wakafika London 1910, na tawi la Uingereza likafunga kazi 1970, televisheni ilipokwisha kuchukua watazamaji. Mwaka 2014 British Pathé walipandisha YouTube filamu 85,000. Movietone, kampuni nyingine ya filamu za habari, wakafuata 2015. Hazina yote hiyo unaifungua kwa simu ukiwa umekaa Mwanga sokoni.

HATUA YA 1: Tafuta kwa majina ya wakati ule.
Hapa ndipo wengi hukwama. Ukiandika Tanzania, mengi ya kabla ya 1964 yatakupita. Andika Tanganyika. Bujumbura iandike Usumbura, Kalemie iandike Albertville, Kinshasa iandike Leopoldville. Meli yetu ya Liemba itafute pia kwa jina la Kijerumani, Graf von Götzen, maana ndilo iliyokuwa nalo iliposhushwa majini hapa Kigoma 1915, na hata ilipozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka uliofuata. Jina la Liemba ilipewa iliporudi kazini 1927.

HATUA YA 2: Pakua usiku kwa bando la bei nafuu. Ubora wa 360 unatosha kwa simu.

HATUA YA 3: Zima sauti. Tazama mara mbili bila kusikia neno.
Hii ndiyo roho ya somo, nisikilizeni vizuri. Picha ilipigwa uwanjani. Maneno yaliandikwa ofisini na mtu ambaye mara nyingi hakuwapo, kisha msimulizi akayasoma kwa sauti ya kujiamini, na muziki ukatiwa juu yake. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha hivi niliwaonyesha wanafunzi filamu ya mradi wa karanga, yale mashamba makubwa ya serikali ya Uingereza yaliyofika hadi Urambo, sauti ikiwa juu. Wakanakili maneno ya msimulizi kwenye madaftari neno kwa neno: matrekta yanashinda pori, neema inakuja. Hawa ni watoto wanaopita Urambo kwa treni kila likizo! Mradi ulianza 1947, ukaachwa 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Ilinichukua wiki nzima kuyafuta maneno yale vichwani mwao.

Siku hizi naanza na kitu chepesi, mbio za Roger Bannister pale Oxford, tarehe 6 Mei 1954, alipokuwa wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne (3:59.4). Sauti nimezima. Nawaambia: andikeni nani yuko mbele kila mzunguko. Wanamwona kijana mwenye miwani anaongoza. Huyo ni Chris Brasher. Halafu anapita mwingine, Chris Chataway. Namba 41, yaani Bannister mwenyewe, anachomoka karibu na mwisho, anavuka utepe na kuwaangukia watu mikononi. Ndipo nafungua sauti. Sifa zinamwendea mshindi! Lakini daftarini wameshaandika watu watatu. Hapo sihitaji kuwaeleza tena tofauti ya ushahidi na maelezo.

HATUA YA 4: Hesabu vipande.
Kila picha inapokatika, piga mstari mmoja. Utashangaa vilivyo vifupi. Kamera ndogo aina ya Eyemo ilibeba filamu ya futi 100, ambayo kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde ni dakika moja na sekunde chache tu. Mpiga picha alikuwa mchoyo wa filamu, akichagua nini kinastahili. Kwa hiyo jiulize pia nini hakikustahili. Kwenye filamu za ziara za wakubwa utaona kofia, maua, gari, ngoma sekunde nne, kofia tena. Wale waliosimamishwa juani tangu alfajiri hawapewi hata jina.

HATUA YA 5: Mpelekee mzee.
Mwaka jana kilisambaa kipande kwenye magrupu kikidaiwa ni stesheni ya Kigoma enzi ya mkoloni. Nilimpelekea mzee wetu mmoja wa Ujiji, mstaafu wa reli. Akaishika simu karibu na uso, akatazama, akasema nirudishe. Nikarudisha. "Mwalimu, stesheni yetu ina ghorofa na matao. Hii ina bati tupu. Sijui ni wapi, lakini si hapa." Sekunde kumi na tano tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Ubarikiwe mwalimu. Kwa nini watu wa zamani wanatembea mbiombio kama kuku?
Jibu: Hawakuwa hivyo. Kabla ya filamu za sauti kamera ilizungushwa kwa mkono, picha kama 16 hadi 18 kwa sekunde. Zikionyeshwa kwa mwendo wa 24 kila mtu anakimbia. Nenda kwenye mipangilio ya YouTube, weka kasi 0.75, utaona wanatembea kama sisi.

Swali: Mkuu, natafuta Filbert Bayi Pathé, sioni kitu.
Jibu: Kwenye filamu za Pathé wenyewe hutamwona, kaka. Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 pale Christchurch tarehe 2 Februari 1974, Pathé walikwisha funga. Mbio zile zilirekodiwa na televisheni, na zimo YouTube. Tafuta kwa jina la mji na mwaka. Tazama anavyoongoza tangu mlio wa bastola.

Swali: Je, kuna sauti halisi kabisa? Ile ya Hindenburg, ndege-puto kubwa ya Wajerumani iliyowaka moto, mtangazaji analia.
Jibu: Kilio ni cha kweli, lakini hakikutoka kwenye kamera. Herbert Morrison alikuwa mtangazaji wa redio, akirekodi kwenye sahani za santuri siku ile ya 6 Mei 1937. Wapiga picha za habari walikuwa kivyao. Picha na sauti ziliunganishwa baadaye.

Swali: Nina kibanda umiza, naweza kuonyesha kwa kiingilio?
Jibu: Za Pathé na Movietone zina mwenyewe, omba kibali kwanza. Afadhali uanze na Universal Newsreel za Marekani (1929 hadi 1967), ambazo zilikabidhiwa kwa taifa lao na ziko huru.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo Tabora, kidato cha tatu. Nianze na ipi?
Jibu: Marahaba mwanangu. Anza na za mradi wa karanga, Urambo ni jirani yako. Wengi waliofanya kazi kule wameshafariki, ila watoto wao wapo. Ukimpata mmoja, mwekee filamu ikiwa kimya, umwache aongee, nawe urekodi kwa simu nyingine. Usimkatize. Jina la kijiji na la baba yake muulize mwanzoni, kabla hajaona trekta hata moja.