Pete ya dhahabu: soma ndani, kisha ipime majini

Ndugu zangu mnaotafuta pete za harusi hapa Bukavu, kabla ya kulipa tazameni namba iliyogongwa upande wa ndani. 750 ni karati 18, yaani robo tatu dhahabu. Robo inayobaki mara nyingi ni fedha na shaba. 585 ni karati 14. 925 ni fedha, hata iking'aa manjano.

Ila mhuri unaweza kughushiwa, na sumaku haisaidii, maana hainasi hata shaba. Mwombeni sonara aipime kavu, kisha ikining'inia kwa uzi ndani ya maji. Gawanyeni uzito wa kwanza kwa gramu zilizopungua: karati 18 ya manjano hutoa 15 hadi 16, shaba haifiki 9. Yenye kito haipimwi hivyo.