Usukani wa Land Rover Series III unapotetemeka

Anza na tope. Gari iliyotoka msitu wa Ngezi, Pemba, siku ya mvua hubeba udongo ndani ya rimu, na ukikaukia upande mmoja tairi halina balansi tena. Ukwangue wote, kisha ijaribu kabla hujafungua kitu.

Bado? Ipige jeki chini ya ekseli, weka stendi. Shika tairi juu na chini, ulitikise huku mwenzako akikanyaga breki. Ulegevu ukipotea, ni beringi ya tairi. Ukibaki, ni kingipini, yaani pini ambayo tairi hugeukia: punguza shimu (vibati vyembamba) za juu, na bushi inayoshika pini ikiwa imelika, badilisha. Halafu mwenzako achezeshe usukani, wewe weka kiganja juu ya kila boljointi, kile kiungo cha mwisho wa fimbo za usukani. Inayogonga mkononi haina dawa, nunua mpya.

Alaimenti, yaani kulinganisha mwelekeo wa tairi za mbele, iwe mwisho. Kupima juu ya vyuma vilivyolegea ni kazi bure. Sakafu tambarare, tairi zimenyooka. Tia alama ya chaki nyuma ya kila tairi la mbele, usawa wa ekseli, upime baina yake. Sukuma gari mbele mpaka alama zije mbele, pima tena. Kipimo cha mbele kiwe pungufu kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Legeza klampu za fimbo inayounganisha tairi za mbele, izungushe, kaza. Klampu iliyoliwa na chumvi ya pwani ilowe mafuta usiku kucha.

Usifunge dampa (shokamzoba ya usukani) kuficha mtetemo: kingipini itaendelea kulika.