Namna ya Kuondoka kwa Kasi Katika Diddy Kong Racing, ya Zamani na ya Mkononi

Katika mchezo huu wa video wa mbio za magari, ndege na vyombo vinavyoelea, wengi ninaocheza nao katika kibanda cha michezo cha Kondele, hapa Kisumu, hushikilia kitufe cha A, cha kuongeza mwendo, tangu mwanzo hadi mwisho, na hilo ndilo kosa kubwa. Katika toleo la Nintendo 64, mashine ya kuchezea kwenye televisheni, lililotengenezwa na Rare na kutoka mwaka 1997, subiri maneno ya kujiandaa yafifie ndipo ubonyeze. Ukiwahi au ukichelewa, unaikosa kasi ya kuondokea.

Okota ndizi mapema, kwani kila moja huongeza mwendo wako wa juu hadi zifike 10.

Ujuzi ninaouthamini kuliko wote uko kwenye vibao vya kasi vilivyo barabarani. Kabla tu ya kukanyaga kibao, inua kidole gumba kutoka kwenye A, uendeshe kwa mkono wa kushoto peke yake, na usibonyeze tena mpaka ule msukumo uishe, maana ukibonyeza mapema unaukata. Kidole kitakataa mwanzoni, kizoeze.

Toleo la mwaka 2007 la Nintendo DS, mashine ya mkononi, lililowaondoa wahusika Banjo na Conker na kuwaleta Dixie na Tiny, lina uondokaji wake: gurudumu la gari huzungushwa kwenye skrini ya kugusa, pangaboi la ndege vivyo hivyo, ilhali chombo kinachoelea hupulizwa kupitia maikrofoni. Ukichezea ndani ya matatu ya kwenda Nakuru, funga dirisha kwanza, ili upepo usiingilie pumzi yako.