Kuwekeza kwenye kadi za wanasoka chipukizi ukiwa Mtwara au Lindi

Kadi ya chipukizi ni kadi ya kukusanya yenye picha ya mchezaji, iliyotolewa msimu wa kwanza mchezaji alipoingizwa kwenye toleo rasmi la kampuni yenye leseni, kama Panini au Topps. Wauzaji huitambulisha kwa herufi RC. Kwa kawaida hutafutwa kuliko kadi zake za misimu inayofuata. Mifano inayojulikana ni kadi ya Lionel Messi ya Panini Megacracks 2004/05, namba 71, na ya Erling Haaland ya Topps Chrome ya Ligi ya Mabingwa 2019/20, namba 74, akiwa bado na jezi ya Salzburg.

Ukiwa Mtwara, Masasi, Lindi au Nachingwea, kabla ya kuchagua mchezaji amua kwanza kadi itakaa wapi. Wanunuzi wengi wako Marekani, Ulaya na Asia ya Mashariki, na kila safari ya kadi inapunguza faida. Wengi hulijua hilo wakati mzigo umeshafika Dar es Salaam.

Fanya hesabu hii kwa kalamu. Umenunua kadi ya dola 60, na usafiri hadi Tanzania ni dola 15. Forodha hukadiria kodi kwa jumla ya bei, bima na usafiri, kwa hiyo kianzio ni dola 75. Tukichukua ushuru wa asilimia 25 kama mfano, ongeza dola 18.75, unapata 93.75. VAT ya asilimia 18 juu yake ni karibu dola 17. Kadi imeshakugharimu dola 111, kabla ya tozo ndogondogo na nauli ya kifurushi kwenye basi la kuja kusini. Siku ya kuuza, soko la mtandaoni linakata takriban asilimia 13, na kuirudisha nje kwa kifurushi kinachofuatiliwa tuseme ni dola 25. Ili urudishe fedha yako tu, lazima iuzwe kwa dola 156 hivi. Kadi hiyohiyo ukiiacha Marekani, kwa dola 5 za kuifikisha inapohifadhiwa na dola 5 za kumtumia mnunuzi, inarudisha fedha yako ikiuzwa dola 80 au 81.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: kadi ya kuuza baadaye iache nje, na iliyoletwa nyumbani iwe ile unayotaka kuishika kwa miaka. Njia ya kwanza ya kuiacha nje ni ghala la kampuni ya kupima madaraja, yaani inayopima ubora wa kadi na kuipa namba. PSA, kampuni ya Marekani, wana huduma hiyo. Waulize kwanza kama wanapokea mteja mwenye anwani ya Tanzania, masharti ya kuuza moja kwa moja kutoka ghalani ni yapi, na malipo yatakufikia kwa njia gani. Njia ya pili ni ndugu unayemwamini aliyeko huko, kwa makubaliano ya maandishi yenye picha ya kila kadi, mbele na nyuma. Swali la malipo usiliruke. Kadi ya Visa ya mtandaoni ya simu au ya benki inakuwezesha kununua, lakini kununua hakuhakikishi kwamba utaweza kupokea.

Sasa kuchagua. Nunua kadi moja moja, usinunue boksi lililofungwa. Anayefungua boksi analipia matumaini, na kadi nyingi za ndani ni za kawaida, zimechapwa kwa wingi. Ndani ya toleo moja la Topps Chrome au Panini Prizm, mchezaji mmoja ana kadi ya msingi, ya kung'aa ambayo Topps huiita rifrakta na Prizm hujulikana kama ya fedha, kisha za rangi zenye namba: 99, 50, 25, 10, hadi ile ya pekee iliyoandikwa 1/1. Namba iliyochapwa juu ya kadi, mfano 37/99, ina maana ni ya 37 kati ya 99. Kwa mwenye mtaji mdogo, ya kung'aa au yenye namba ya mchezaji aliyethibitika ni bora kuliko za msingi kumi za vijana kumi wasiojulikana mwisho wao.

Washambuliaji na viungo wa kushambulia ndio hubeba bei. Kipa au beki, hata akiwa bora duniani, mara nyingi huachwa nyuma. Ushabiki wetu wa uwanjani Nangwanda Sijaona au Ruangwa hausukumi bei. Anayeisukuma ni mnunuzi wa huko, na yeye hutazama Ligi ya Mabingwa na Kombe la Dunia. Chukua mfano wa Ansu Fati. Alipofunga mabao Barcelona akiwa na miaka 16, kadi zake zilipaa. Novemba 2020 akaumia goti, na hata alipopewa jezi namba 10 mwaka 2021 hakurudi kuwa yule aliyetarajiwa, wala kadi zake. Goti moja linatosha, ndiyo maana mtaji wote haukai kwa kijana mmoja.

Ya kwanza kutoka pia si lazima iwe inayopendwa zaidi. Kylian Mbappé alikuwa na stika za ligi ya Ufaransa kabla ya kadi yake ya Prizm ya Kombe la Dunia 2018, namba 80, lakini hiyo ya 2018 ndiyo wengi huitafuta. Kwa hiyo usitegemee herufi RC peke yake; angalia mauzo.

Bei halisi ni ile iliyolipwa. Aliyeandika dola 500 anaweza kukaa nayo mwaka mzima. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, chagua kuonyeshwa vitu vilivyokwisha kuuzwa, chukua mauzo matano ya karibuni ya kadi ileile, rangi ileile na daraja lilelile, ondoa la juu kabisa na la chini kabisa, kisha tafuta wastani wa matatu yaliyobaki. Kama mauzo matano hayapatikani ndani ya miezi mitatu, jua kwamba kuiuza nako kutachukua muda. Bei hupanda kuelekea mashindano makubwa, na mashindano yakiisha wauzaji hujaa. Hata soko zima huyumba: kati ya 2020 na 2021 bei zilipanda kwa kasi, PSA wakazidiwa na mzigo hadi Machi 2021 wakasimamisha huduma nyingi, na 2022 walionunua kileleni wakabaki na hasara. Fedha ya korosho ikiingia Novemba au Desemba, tenga kwanza ya salfa na ya ada za shule. Kinachobaki, na ambacho hutakihitaji kwa miaka miwili au mitatu, ndicho cha kadi.

Kuhusu daraja, mkulima wa huku hahitaji maelezo marefu: kama korosho ghafi ghalani, kadi mbili za toleo moja hutofautiana bei kwa daraja. PSA hutoa 1 hadi 10 kwa kutazama pembe, kingo, uso na ulinganifu wa mipaka. Kwa 10, mipaka ya mbele, upande mmoja kwa ule unaoukabili, inatakiwa iwe takriban 55 kwa 45, nyuma 75 kwa 25. Kati ya 9 na 10 bei inaweza kuwa zaidi ya maradufu. Kutoka huku, kupeleka kadi ikapimwe kuna gharama ya safari mbili na ada, na ikirudi na 8 umepoteza. Nunua iliyokwisha pimwa, ndani ya ganda lake gumu la plastiki, na soma ripoti ya PSA ya idadi ya kadi zilizopata kila daraja: ukiona za daraja 10 ziko maelfu, basi uhaba hakuna.

Namba ya cheti iliyo kwenye ganda iingize kwenye tovuti ya kampuni iliyopima. Namba kukubalika peke yake hakutoshi, maana wadanganyifu hunakili namba za kweli. Linganisha picha ya tovuti na ya muuzaji: mkao wa mipaka, alama ndogo pembeni, uandishi wa lebo. Kadi ya Messi ya Megacracks imeghushiwa sana. Bila ganda la kampuni inayoaminika, iache. Kwa kadi tupu tumia lenzi ya kukuza mara 10 au zaidi. Maandishi ya kadi halisi yana kingo kali, ya nakala huonekana kama yametapakaa.

Unyevu ndio adui mkubwa wa kadi inayokaa pwani yetu, hasa mvua za Desemba hadi Aprili. Kadi za Chrome na Prizm zina tabaka la kung'aa mbele na karatasi nyuma. Karatasi hunyonya maji na kutanuka, tabaka la mbele halitanuki, hivyo kadi hujikunja, kingo zikiinuka kuelekea upande wa picha. Hewa ikikauka kupita kiasi hujikunja kinyume chake. Ganda la daraja halizuii hewa, kwa hiyo nalo linahitaji ulinzi.

Tafuta chombo cha chakula cha lita 5 chenye mpira wa kuziba na vibano pande nne. Weka pakiti mbili za silika jeli, punje za kunyonya unyevu, za gramu 50, za rangi ya machungwa zinazogeuka kijani zikishiba, pamoja na kipima unyevu kidogo cha betri. Lenga asilimia 45 hadi 50. Ikishuka chini ya 40, toa pakiti moja. Kipima chenyewe kikague: jaza kifuniko cha chupa chumvi, ilowanishe kidogo tu iwe kama uji mzito, ifunge pamoja na kipima kwenye mfuko usiopitisha hewa, na baada ya saa 12 kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 80, kumbuka kutoa 5 kila mara. Silika iliyoshiba mimina punje kwenye sinia, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, ziache zipoe zikiwa zimefunikwa. Mchele hausaidii, unyonyaji wake ni mdogo, na huleta vumbi na wadudu.

Kadi isiyo na ganda iingie kwanza kifuko laini, kisha toploda, yaani kifuko kigumu. Unene hupimwa kwa pointi, na kadi ya kawaida huingia toploda ya pointi 35. Yenye kipande cha jezi huhitaji ya pointi 75 hadi 130, na ukiilazimisha kwenye ndogo utaivunja pembe. Albamu za plastiki ya PVC, zile zenye harufu kali, ziepuke. Chagua za polipropilini. Nafthalini isiwe chombo kimoja na kadi, mvuke wake hushambulia plastiki. Chombo kisikae chini ya bati wala sakafuni, na kisigusane na ukuta wa nje. Aliyetoka kubangua korosho asiguse kadi hadi anawe vizuri kwa sabuni, kwa kuwa mafuta ya ganda la korosho yanaacha doa lisilotoka. Kadi iliyojikunja usiipige pasi. Iache ndani ya chombo chenye asilimia 45 kwa wiki mbili, ikiwa kwenye kifuko chake chini ya kitabu kizito.

Ukiamua kuuza, usisubiri fainali. Panga bei ya kutoka siku ile unayonunua, iandike kwenye daftari pamoja na gharama zote, na kadi ikiifikia wiki chache kabla ya mashindano, iweke sokoni. Kama iko nyumbani, anza mapema zaidi, maana barabara ya kusini inaweza kukatika. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, ilikatika eneo la Somanga. Toploda iingie mfuko mdogo wa nailoni, ibanwe kati ya vipande viwili vya boksi gumu vinavyoizidi sentimita 2 kila upande, na gundi isiguse plastiki. Piga picha ya kila hatua ya kufunga na uhifadhi risiti ya ufuatiliaji hadi mnunuzi athibitishe kupokea.