Kuvua sare bila mshahara kushuka

Wewe afisa wa polisi hapa Kenya unayefikiria kuondoka, usikimbilie kampuni za walinzi wa getini. Tazama kwanza vitengo vya kuchunguza ulaghai kwenye benki, kampuni za bima na sacco kubwa. Huko wanahitaji mtu anayejua kuandika taarifa ya shahidi, kutunza ushahidi usichafuliwe na kuhojiwa na wakili mahakamani bila kuyumba. Hayo ndiyo ya kuandika kwenye wasifu wako, kabla ya cheo. Cheti cha CFE (Certified Fraud Examiner, yaani mchunguzi wa ulaghai aliyeidhinishwa) unaweza kukisomea ukiwa bado kazini.

Ukiulizwa unataka kiasi gani, jumlisha marupurupu ya nyumba, ya usafiri, na bima ya matibabu ya familia. Wengi hulinganisha mshahara wa msingi tu, wakaumia. Barua ya kujiuzulu isubiri mkataba mpya utiwe sahihi.